Binti wa Yairo na mabinti wetu wa Majengo

Kusoma: Marko 5:21-24 na 35-43, Luka 14:28-30, 1 Watesalonika 5:19-21.



Somo la mwezi huu ni juu ya mabinti wetu wa miaka 12 mpaka 17, na juu ya miradi inayofanywa kwa ajili yao, ile ya kanisa na ile ya mashirika yanayokuja katika kartie yetu. Miradi hiyo yote inasema inataka neno moja: binti apate nguvu ya kusimama, asiozwe akiwa mtoto. Sisi tunauliza: tutajuaje kama mradi umefaulu? Tukiulizwa juu ya semina fulani, wengi wetu tunajibu kwamba watu walijaa, mafundisho yalikuwa mazuri, soda ilitosha. Mtini ule ambao Bwana aliukaribia akiwa na njaa ulikuwa na majani mengi pia (Marko 11:13).

Tumwangalie Yairo. Alikuwa mkubwa wa sinagogi, maana yake mtu wa nyumba ya ibada kama sisi wazee na mashemasi. Binti yake alikuwa na miaka 12. Yairo hakutuma mtu, alikwenda mwenyewe, akaanguka miguuni pa Yesu mbele ya watu wote. Bwana alipofika nyumbani alikuta makelele mengi, akawatoa nje waliokuwa wakilia na kucheka, akaingia pamoja na baba na mama wa mtoto na wanafunzi watatu. Akamshika mkono, binti akasimama, akatembea. Sasa tusome mstari wa 43, ambao wengi wetu tunaupita mbio tukihubiri. Yesu aliagiza mtoto apewe chakula. Muujiza umekwisha kufanyika, neno limesemwa kwa nguvu, lakini Bwana bado anakumbuka tumbo la mtoto. Hakuwaacha wazazi na furaha tu.

Inafaa tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita kulikuwa binti mmoja katika kwaya yetu, wa miaka 16. Shirika moja lilikuja kufundisha haki za mabinti katika jumba la kanisa, na binti huyo hakukosa hata siku moja. Alipewa tishati na kaye, akapigwa picha, na siku ya mwisho ndiye aliyesimama kusema asante kwa wageni. Muhula uliofuata baba yake alikosa kazi, minervali haikulipwa, binti akarudishwa nyumbani kutoka shule. Alikaa. Juma chache zikapita, akaja mwanaume na mbuzi na franga. Katika kikundi cha maombi ndugu mmoja akasema ameonyeshwa katika ndoto kwamba ndoa hiyo imetoka kwa Mungu. Sisi mashemasi hatukuuliza binti ana miaka mingapi, na tulijua. Tulikwenda kwenye karamu, tukala wali na nyama.

Shirika lile lilipohesabu kazi yake, bila shaka binti huyo alihesabiwa kati ya waliofaulu, maana alihudhuria siku zote. Lakini tusiwanyoshee wengine kidole. Katika ripoti yetu ya mwaka na sisi tuliandika kwamba mabinti wote walifaidika. Huyo wetu alizaa kwa taabu kubwa, akapona kwa neema ya Mungu. Siku hizi anauza makala kando ya barabara, mtoto mgongoni. Anakuja ibadani, anakaa nyuma kabisa.

Neno la sheria tulipitie kwa ufupi, kwa sababu wazee wengine bado wanatumia ile ya zamani. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, na mwanaume akiwa na 18. Wengi wetu tulikua na sheria hiyo. Lakini sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, inayolinda watoto, inakataza katika kifungu cha 48 kumposa mtoto na kumwoza, na mtoto ni kila mtu asiyefikisha miaka 18. Na sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 ilisahihisha ile ya 1987: miaka 18 kwa mwanaume na kwa mwanamke. Basi anayesema serikali inaruhusu 15 anasema jambo lililokwisha.

Lakini sheria iliyoandikwa Kinshasa haimlipii mtoto minervali Majengo. Tunajua sisi wenyewe kwa nini binti anatolewa mapema. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali yalitangazwa kuwa bure, na hilo lilisaidia. Binti akimaliza msingi, ndipo franga zinaanza kuombwa, na wakati huohuo mwili wake unaanza kuonekana mtu mzima. Mambo hayo mawili yanakutana mwaka mmoja. Ongeza matatizo ya mji wetu. Mwezi wa tano 2021 moto wa Nyiragongo ulishuka ukasimama Buhene, mlangoni petu, na siku chache baadaye watu wakakimbia kwa maelfu kuelekea Sake, Rutshuru na Rwanda. Mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia mjini, mabenki yakafunga, kazi zikapotea. Kila mara ya namna hiyo tuliona wazazi wakiwatoa mabinti haraka, wengine kwa njaa, wengine kwa hofu ya kubakwa, wakifikiri mume ni ukuta. Siyo wote waliokuwa na moyo mbaya. Mzazi anayemwoza mtoto kwa hofu anahitaji kusaidiwa kabla ya kuhukumiwa.

Sasa tuingie katika upimaji wenyewe. Watu wanaotaka kujua ukweli wa mradi wanachukua vijiji vingi vinavyofanana, wanapiga kura, vingine vinapewa mradi na vingine vinangoja. Baada ya miaka wanarudi kuhesabu pande zote mbili. Mitume nao walipiga kura walipotafuta mtu wa kushika nafasi ya Yuda (Matendo 1:26), basi jambo hilo lisitutishe. Na kwa nini wahesabu upande usiopata kitu? Kwa sababu mambo hubadilika hata bila mradi. Katika nchi yetu, uchunguzi wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa miaka 20 mpaka 24, 37 waliolewa kabla ya miaka 18. Uchunguzi wa mwaka 2017-2018 ulikuta 29. Mradi uliozaliwa mwaka 2014 ungeweza kusimama na kusema: tazameni tulichofanya! Lakini hesabu ilishuka hata mahali ambapo mradi huo haukukanyaga.

Uganda, shirika la BRAC lilifungua vilabu vya mabinti kuanzia mwaka 2008. Wapimaji walichukua mahali 150: 100 palipata vilabu, 50 havikupata. Walifuata mabinti karibu 4,800 kwa miaka minne. Kilabu kilikuwa chumba karibu na nyumbani, ambapo mabinti walikutana baada ya masomo au kazi, wakiongozwa na dada aliyewazidi miaka kidogo. Walicheza, walifundishwa juu ya mwili wao na ukimwi, na tena walifundishwa kazi za mikono: kushona, kusuka nywele, kufuga kuku. Baada ya miaka minne, mabinti wenye kazi ya kuwaletea franga waliongezeka karibu nusu, walioshika mimba walipunguka kwa karibu theluthi moja, na walioingia ndoa mapema walipunguka sana.

Hapa tunawajibu wale wanaosema, na tumewasikia hata katika baraza letu, kwamba bora binti aolewe mapema kuliko azalie nyumbani kwa baba. Wanafikiri kuna njia mbili tu. Uganda mimba zilipunguka na ndoa za mapema zilipunguka, zote pamoja, katika mahali palepale. Binti aliye na kazi mikononi na dada wa kumwuliza neno hana haraka ya kujipeleka kwa mwanaume.

Vilabu hivyohivyo, vya shirika lilelile, vilipelekwa Tanzania. Huko wapimaji hawakuona mabadiliko ya maana katika mambo hayo makubwa. Walionyesha kwamba mali ilikuwa kidogo na kazi haikuendeshwa vizuri kama Uganda. Jina la mradi lilikuwa moja, kitabu cha mafundisho kilifanana, matunda hayakuja. Tunalisema hili kwa ajili ya kwaya na vikundi vyetu, maana tunapenda kuchukua jina la jambo lililofaulu kwa wengine na kulianzisha bila chumba, bila kiongozi aliyefundishwa, bila kitu.

Kule Kenya ya magharibi, kuanzia mwaka 2003, walipima katika shule 328 za msingi. Mahali pengine walimu walifunzwa kufundisha somo la ukimwi lililosisitiza kujizuia mpaka ndoa. Mahali pengine watoto walipewa unifomu bure, shati na sketi, basi. Baada ya miaka mitatu, katika shule ambazo hazikupewa kitu, mabinti 19 kati ya 100 walikuwa wameacha shule na 16 wamekwisha kushika mimba. Katika zile za unifomu, walioacha walikuwa 16 na wenye mimba 13, na ndoa za mapema zilipunguka pia. Somo la kujizuia, lilipofundishwa peke yake, halikupunguza mimba.

Tuliposoma hayo katika mkutano wa mashemasi, jumba lilinyamaza. Sisi ni wahubiri wa kujizuia. Hatutaacha kuhubiri usafi wa mwili, ni amri ya Bwana. Lakini tujiulize: tukihubiri usafi kwa binti aliyefukuzwa shuleni kwa kukosa sketi, hatufanani na mtu aliyemwinua binti wa Yairo akasahau chakula? Yakobo naye ana neno kali kwa watu wa namna hiyo (Yakobo 2:15-16).

Ethiopia, katika jimbo la Amhara, mwaka 2004 mpaka 2006, kulikuwa mradi ulioitwa Berhane Hewan. Walikusanya mabinti katika vikundi, wakawasaidia vitu vya shule, wakazungumza na wazee wa kijiji, na jamaa iliyomtunza binti bila kumwoza mpaka mwisho ilipata mnyama wa kufuga. Mabinti wa miaka 10 mpaka 14 walioolewa walikuwa wachache sana kuliko katika kijiji cha kulinganisha. Lakini wale wa miaka 15 mpaka 19 walioolewa walikuwa wengi zaidi kuliko upande wa pili! Waliofanya mradi hawakuficha hesabu hiyo, waliiandika. Kwa heshima hiyo tunawaamini zaidi. Sisi tungeandika ya wadogo tu, tukasema Bwana ametenda.

Na karibu yetu, katika Kivu ya Kusini, shirika la IRC pamoja na wapimaji wa chuo kikuu cha Columbia walifuata mabinti 869 wa miaka 10 mpaka 14 katika mahali 14. Mabinti wote walikuwa na mahali salama pa kukutana, na nusu ya mahali hapo wazazi nao walifundishwa. Matokeo yaliandikwa mwaka 2018: wazazi waliofundishwa walionyesha watoto wao upendo zaidi, lakini ubakaji na kupigwa havikupunguka kuliko upande mwingine. Kufundisha wazazi ni kuzuri, nasi tutaendelea. Tusiahidi tu kwamba kutafanya kazi yote.

Kwa hiyo tukipima mradi, wa kwetu au wa shirika, tuanze na majina. Idadi ya viti vilivyojaa tuiache. Mwaka wa kwanza tuandike binti nani yuko shuleni, nani yuko nyumbani, nani anafanya kazi kwa watu. Mwaka wa pili na wa tatu turudi nyumba kwa nyumba kwa majina yaleyale. Aliyeacha kuja ndiye wa kutafutwa kwanza, maana yule anayekuja kila siku ya kwaya mara nyingi ndiye asiye katika hatari kubwa. Mtoto wa jamaa iliyokimbia vita, binti wa kazi anayelala jikoni kwa tajiri wake, hao hawaimbi kwaya. Tena asiulizwe na shemasi. Binti mbele ya shemasi atajibu kwamba yote ni mazuri. Aulizwe na mama mmoja anayemwamini, wawili peke yao.

Tulianza kufanya hivyo kwa kitabu chetu cha kubariki watoto. Kina tarehe za kuzaliwa, na kwa wengi waliopoteza vyeti katika kukimbia, ndicho ushahidi pekee wa miaka yao uliobaki. Tulitoa majina ya mabinti wote waliokwisha miaka 12, wamama wawili wakapita nyumbani kwao. Hesabu tuliyoipata hatuiandiki hapa, kwa sababu parokia yetu ni ndogo na wengine wangetambulikana. Mzee wa kanisa anayo. Ilitupa haya.

Linabaki jambo la unabii, ambalo ni letu kuliko la mashirika. Sisi ni kanisa la unabii, hatuoni haya kwa hilo, wazee wetu waliteswa kwa ajili yake. Paulo anakataza kudharau unabii, na mara hiyohiyo anaagiza kila jambo lijaribiwe. Basi ndoto inayomtaja binti wa miaka 15 kuwa mke wa mtu ambaye amekwisha kuhesabu mbuzi zake, tuijaribu. Yefta alifungua kinywa mbele za Bwana bila kufikiri, na aliyelipa nadhiri ile ni binti yake (Waamuzi 11:30-40). Zimbabwe, mahakama kuu ya katiba ilikataza ndoa chini ya miaka 18 mwaka 2016. Hata hivyo mwaka 2021 msichana mmoja, mtoto bado, alikufa akizaa katika mahali pa ibada pa kanisa moja la kinabii la huko. Dunia nzima ilisikia. Sisi tunaovaa mavazi ya namna moja na wao, na kuomba kwa namna moja, hatuwezi kusema ni habari ya mbali.

Baraza la wazee na mashemasi liliamua hivi. Ndoa haitabarikiwa bila cheti au kitabu kinachoonyesha miaka 18, wote wawili, hata kama kuna maono, hata kama mali imekwisha kulipwa. Shemasi hatakwenda kwenye karamu ya ndoa tuliyoikataa. Na likelemba ya wamama itakuwa na sanduku la pili, kwa unifomu na minervali ya mabinti wa mwaka wa saba na wa nane. Wengine walitaka tuandike mabinti 50 mara moja. Tulisoma Luka 14:28, tukahesabu sanduku, tukaona franga zinatosha watano. Hao watano tutawashika mkono mpaka wamalize sekondari, kisha tutaongeza. Ndugu mmoja aliuliza: na binti yule wa makala, mnamfanyia nini? Hatukuwa na jibu siku hiyo. Sasa mama mshonaji wa kanisa amekubali kumfundisha mashine siku mbili kwa juma, na mtoto wake atabaki na wamama wa maombi. Yeye mwenyewe bado hajajibu.

Katika vikundi vyenu vya nyumbani zungumzeni juu ya neno hili: katika avenyu yenu ni binti gani aliyerudishwa shuleni muhula huu, na nani amekwenda kumwona? Msitaje majina mbele ya wote, mwambieni mama kiongozi wa kikundi.

Wazazi ambao watoto wao hawakuandikwa katika kitabu cha kubariki, au wamepoteza vyeti, waje baada ya ibada na mtu mmoja aliyekuwepo wakati wa kuzaliwa kwa mtoto. Kitabu kitakuwa juu ya meza ya mashemasi, upande wa mlango wa wamama, mpaka mwisho wa mwezi.